Miji dada: ziara ya kwanza ni rahisi, ya pili ndiyo kazi

Tanga na Eckernförde ya Ujerumani ni miji dada, yaani miji ya nchi mbili iliyotiana saini kushirikiana, tangu 1963; Mwanza na Würzburg tangu 1966. Nairobi iliungana na Denver ya Marekani mwaka 1975, Mombasa na Seattle ya huko huko 1981. Zikafuata Dar es Salaam na Hamburg 2010, Moshi na Tübingen 2014, Zanzibar na Potsdam 2017. Ukiisoma orodha hiyo haraka utadhani miji yetu ina ndugu kila pembe, na kwa hati kweli inao. Ila hati na uhusiano ni vitu viwili. Kutia saini ni shughuli ya asubuhi moja: bendera mbili mezani, kalamu mpya, picha, pilau. Ziara ya kwanza nayo hutokea karibu kila mara, maana kila mtu ana hamu. Ya pili ndiyo inayoonyesha kama kuna kitu.

Maelezo haya ni ya wanaoshika faili: ofisa utamaduni wa halmashauri, katibu wa kikundi cha ngoma, mwalimu aliyebebeshwa "mambo ya wageni", na yule ndugu aliyeko Hamburg au Würzburg anayepigiwa simu na pande zote mbili zikishindwa kuelewana. Mifano mingi ni ya Ujerumani, kwa kuwa ndiko miji yetu kadhaa mikubwa ilikopata wenza.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu utani. Wanyamwezi na Wazaramo waliunganishwa na misafara ya karne ya 19, na hakuna aliyesaini chochote. Utani umedumu kwa sababu kila msiba unaukumbusha: mtani anakuja, anafanya vituko vyake, anadai chake, anasaidia kuzika, anaondoka. Una tukio linalourudia. Hati ya miji dada haina msiba wala harusi ya kuikumbusha, kwa hiyo usipoitengenezea tukio la kujirudia italala kabatini mpaka panya waione kwanza.

Meya wao si meya wetu

Hapa ndipo kutoelewana kunapoanzia, na hakuna anayelitaja jambo hili mezani. Meya wa mji wa Ujerumani, kwa sehemu kubwa ya nchi ile, huchaguliwa moja kwa moja na wananchi na ndiye bosi wa watumishi wote wa mji. Tübingen iko Baden-Württemberg, ambako muhula wa meya ni miaka 8. Würzburg iko Bavaria, miaka 6. Akisema "tutafanya", kesho yake idara inafanya. Mstahiki Meya wetu huchaguliwa na madiwani wenzake na kuongoza baraza, lakini hasaini malipo. Fedha na watumishi viko kwa Mkurugenzi, naye ameteuliwa na Rais na anaweza kuhamishiwa halmashauri nyingine wiki ijayo.

Matokeo yake, barua tamu ya meya wa Ujerumani inafika kwa mtu asiye na mafungu, na Mkurugenzi anaisikia kwenye korido. Dawa yake ni ndogo: barua zote zielekezwe kwa Mkurugenzi, nakala kwa Meya, na kwenye hati zikae saini zote mbili. Na kabla ya saini kuna ngazi. Kwa Tanzania Bara, baraza la madiwani lipitishe azimio, mwanasheria wa halmashauri asome, kisha lipelekwe TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa), na Wizara ya Mambo ya Nje ijue. Zanzibar ina serikali yake na njia yake. Kenya ni hadithi nyingine: mabaraza ya manispaa yaliondoka na Katiba ya 2010, na tangu 2013 mwenye kusaini ni serikali ya kaunti. Makubaliano ya zamani yaliyotaja "Municipal Council" yakabaki yamemtaja marehemu.

Dar es Salaam nayo ina somo lake. Hamburg ilipoingia mwaka 2010, kulikuwa na Halmashauri ya Jiji juu, na manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke chini yake. Februari 2021 halmashauri ile ya jiji ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Jina ni lile lile, mwenye jina amebadilika, na kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichozaliwa na ushirikiano huo na Hamburg, kiko Kinondoni. Hati inayosema tu "Jiji la Dar es Salaam" inamwacha msomaji akijiuliza ni lipi. Kwa hiyo weka mstari mmoja, "pamoja na mamlaka zitakazoirithi kisheria", na utaje manispaa au kata ambako kazi inafanyika.

Hati yenyewe isizidi kurasa mbili. Ahadi za "kukuza biashara, elimu, afya, michezo, utalii, mazingira na utamaduni" ni njia ya kusema hakuna kitakachofanyika. Taja mambo mawili. Kisha ambatisha karatasi moja ya mwaka: shughuli tatu, tarehe, jina la cheo kinachohusika (si jina la mtu), na nani analipa nini. Karatasi hiyo ndiyo inayobadilishwa kila mwaka. Hati kubwa haiguswi.

Kalenda mbili

Mwaka wetu wa fedha, Tanzania na Kenya, unaanza Julai 1. Wa mji wa Ujerumani unaanza Januari 1. Wao wakithibitisha fedha mwezi wa kwanza, wewe bajeti yako iko katikati na ya mwaka ujao inapikwa. Usipoingiza kifungu cha "ushirikiano wa miji" kwenye rasimu ya bajeti kabla madiwani hawajaipitisha, hata kiwe kidogo cha chai na mafuta ya gari, utawapokea wageni kwa kukopa gari la idara nyingine. Wageni huwa hawalioni hilo. Wenzako wanaliona, na mwaka unaofuata hawakopeshi.

Msimu nao una neno. Wajerumani hupenda kuja likizo yao ya kiangazi, Julai na Agosti, na hiyo inatufaa: kumekauka na shule zimefunguliwa. Machi hadi Mei ni masika, barabara za pembezoni zinakatika. Ramadhani angalia mapema, hasa Zanzibar, Tanga na Mombasa, kwani inasogea siku 10 au 11 nyuma kila mwaka na kalenda ya ofisi ya Potsdam haiionyeshi. Sisi kwenda kwao Desemba ni kosa linalorudiwa: kuanzia katikati ya mwezi ofisi zinafungwa moja baada ya nyingine, na mwenyeji anawaza Krismasi yake.

Halafu kuna saa. Ratiba ikiandikwa "kikao saa 3", mgeni anaelewa alasiri. Andika "saa 3:00 asubuhi (09:00)" kila mstari, hata kama inachosha. Ujerumani iko nyuma yetu saa 2 majira ya baridi na saa 1 majira ya joto. Inabadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, na wiki hizo mbili ndizo ambazo watu hukaa peke yao kwenye kikao cha mtandaoni. Seattle iko nyuma saa 11 au 10. Saa 12 jioni ya Mombasa ni saa 1 au saa 2 asubuhi kwao, na hilo ndilo dirisha pekee ambalo hakuna upande unaolazimika kuvunja usingizi.

Barua ya mwaliko, mstari kwa mstari

Safari nyingi za kuelekea Ulaya hukwama dirishani, na nyingi kati ya hizo hukwama kwa barua mbovu. Viza ya muda mfupi ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, inaruhusu siku 90 ndani ya siku 180. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, tangu Juni 2024. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni ndani ya siku 15 lakini unaweza kufika 45. Kwa kikundi, hesabu wiki 12 kutoka siku barua inapofika mkononi, si kutoka siku ilipoahidiwa.

Barua nzuri ya mwaliko ina majina kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Hapa pwani ndipo tunapoumia: Hamisi na Khamis, Mwanaisha na Mwanaasha, Saidi na Said. Shuleni jina moja, kitambulisho cha NIDA jina jingine, pasipoti la tatu. Usitume majina kwa ujumbe wa simu. Tuma picha ya ukurasa wa pasipoti na umwombe mwenyeji anakili kutoka hapo. Pia fomu zao zinataka jina la ukoo moja, na sisi tuna jina, la baba na la babu. Angalieni pasipoti imeweka lipi kwenye nafasi ya ukoo, mlifuate hilo kwenye barua, bima na tiketi.

Baada ya majina: tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, tarehe za kuingia na kutoka, ratiba ya siku kwa siku, anwani ya kulala, na sentensi moja isiyo na kona kuhusu nani analipa nauli, chakula, malazi na bima. Kama kikundi kitalipwa kwa onyesho, iandikwe. Kama hakilipwi, iandikwe pia. Ukimya unazaa swali. Mwenyeji binafsi akibeba gharama, ofisi ya wageni ya mji wake humpa hati rasmi, Wajerumani wanaiita Verpflichtungserklärung, kwa ada ya euro 29. Inatakiwa ya asili, si nakala, kwa hiyo hesabu siku za kuituma.

Bima iwe na kinga ya euro 30,000 au zaidi na ihusu nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Alama za vidole zikishachukuliwa hutumika tena kwa miezi 59, jambo la maana sana kwa mtu wa Mwanza, ambaye la sivyo husafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam kuweka vidole kwenye kioo.

Kuna jambo ambalo wengi hulilipia bure. Wanafunzi wa shule na walimu wanaoandamana nao kwa safari ya masomo hawatozwi ada ya viza. Vilevile wawakilishi wa asasi zisizo za faida wenye umri usiozidi miaka 25, wanaokwenda kwenye semina, michezo au tukio la utamaduni lililoandaliwa na asasi ya namna hiyo. Asiyeomba hapewi: barua ya mwaliko itaje msingi huo wazi, na iambatane na cheti cha usajili wa asasi ya huku na ya kule.

Msanii asiye na hati ya mshahara ana shida ya ziada, kwani anatakiwa aonyeshe kuwa atarudi. Salio lililoingizwa benki wiki iliyopita halimsaidii, linamdhuru. Afisa anaona tarehe. Kinachosaidia ni vitu vya kawaida: cheti cha usajili wa kikundi, kibali cha baraza la sanaa, BASATA (Zanzibar ni BASSFU), barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hati ya shamba au nyumba kama ipo, vyeti vya watoto, TIN, matangazo ya maonyesho ya nyuma na ratiba ya maonyesho yanayomngoja akirudi. Mtumishi wa umma yeye ana kibali chake cha kusafiri nje, na hicho kinapanda ngazi polepole. Kiombwe siku ile ile barua ya mwaliko inapofika.

Wanaokuja kwetu wana wepesi zaidi, ila si bila mtego. Kijana wa kujitolea wa programu ya Ujerumani iitwayo weltwärts, miaka 18 hadi 28, anayekaa mwaka mzima shuleni au hospitalini, haingii kwa viza ya matembezi akaanza kufundisha. Anahitaji kibali cha ukaazi daraja C. Wanaokwenda Zanzibar wanunue na bima ya lazima ya huko, dola 44, iliyoanza Oktoba 2024. Na waambieni mapema kuhusu mifuko ya plastiki: Kenya ilipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019.

Ngoma ndani ya ndege

Hili ni eneo ambalo mwongozo wa kawaida wa ubadilishanaji wa utamaduni haugusi, na ndilo linaloharibu maonyesho mengi.

Kwanza sheria. Ngozi ya ng'ombe au mbuzi iliyowambwa na kukauka vizuri kwa kawaida haileti ugomvi mkubwa, lakini iwe safi, bila manyoya yanayonuka wala nyama iliyosalia pembezoni. Ngozi ya kenge ni habari nyingine: kenge wote wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na ngoma ndogo iliyowambwa kenge inaweza kuishia kwenye kabati la forodha Frankfurt. Hali ni hiyo hiyo kwa ngozi ya mbega ya mchezaji. Usinga wa mkia wa nyumbu ni nyara ya serikali. Hautoki bila kibali hapa nyumbani, achilia mbali huko. Tengenezeni seti ya safari: usinga wa mkonge, sketi za mkonge, manyoya ya kuku. Kwenye jukwaa, mita 10 kutoka kwa mtazamaji, hakuna anayejua tofauti isipokuwa bibi aliyewafundisha.

Mpingo umo kwenye CITES tangu 2017, na watu huogopa kubeba hata kinyago cha zawadi. Bidhaa zilizokamilika haziguswi ikiwa mpingo wake hauzidi kilo 10 kwa shehena moja, na ala za muziki zilizokamilika nazo zimesamehewa. Gogo ambalo halijachongwa ndilo tatizo. Kwa hiyo kinyago cha Kimakonde cha kilo 3 kwa meya ni salama. Vinyago 20 vya kuuza kwenye maonyesho ni shehena inayohitaji karatasi.

Pili ni hewa. Ngoma inakaa sauti kwa unyevu. Pwani ngozi inalegea jioni, na mpigaji anaipasha moto kwa makuti au karatasi mpaka ilie. Mpeleke mpigaji huyo kwenye ukumbi wa Ujerumani mwezi Novemba, ambako joto la mitambo limekausha hewa, na kinyume chake kinatokea: ngozi inakaza, sauti inapanda, na ngoma iliyobanwa kwa vigingi inapasuka usiku ikiwa imewekwa karibu na bomba la joto. Ya kamba ilegezwe kabla ya ndege na ikazwe ukumbini. Ya vigingi hailegei, hivyo ifungwe kitambaa chenye unyevunyevu kidogo (si kulowa) usoni, iwekwe mbali na joto, na ngozi moja ya akiba isafiri pamoja na mtu anayejua kuwamba. Kiangazi cha huko kukiwa na mvua, ngoma italegea kama nyumbani, lakini hakuna msimamizi wa ukumbi atakayekuruhusu uwashe makuti ndani. Kikausha nywele kinafanya kazi hiyo, kikishikwa umbali wa shibiri mbili na kuzungushwa, si kuelekezwa sehemu moja. Kiandikwe kwenye orodha ya mahitaji ya jukwaa pamoja na maikrofoni. Mafundi wa jukwaa watacheka, watakileta.

Kundi la taarab lina kanuni, nyuzi zake zaidi ya 70 na daraja lililokaa juu ya ngozi. Ikitoka baridi ya gari ikaingia ukumbini, ipewe saa mbili kabla ya kuanza kuilinganisha. Kuilinganisha mara moja ni kufanya kazi mara mbili. Udi na kanuni viingie na abiria, si chini na mizigo. Njuga za miguuni ziende kwenye begi la chini, maana kilo 4 za vyuma vilivyofungwa kamba hazipiti ukaguzi bila mazungumzo marefu.

Kontena

Mji rafiki ukiwa na nia njema, mapema au baadaye utataka kutuma kontena. Kitanda cha hospitali, kompyuta, gari la zimamoto. Kukataa kunaonekana utovu wa adabu, kwa hiyo watu hukubali kila kitu, kisha kontena linakaa bandarini likila tozo za kila siku mpaka gharama inazidi vitu vilivyomo.

Mpangilio sahihi ni huu: orodha kamili ije kwanza, kitu kwa kitu, na namba zake na umri wake. Anayepokea bandarini awe halmashauri au hospitali ya serikali, si chama cha marafiki, kwani msamaha wa kodi unaombwa kwa jina la mpokeaji. Barua ya msamaha iwe mkononi kabla meli haijaondoka Hamburg. Ukianza kuiomba meli ikiwa Mfereji wa Suez umechelewa. Vifaa tiba vinapita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Dawa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ziwe na angalau mwaka mmoja wa uhai zikifika.

Kisha swali la umeme. Sisi na Ujerumani tuko pamoja, 230V na 50Hz, plagi tu ndizo tofauti. Marekani ni 120V na 60Hz. Transfoma inashusha volti lakini haibadilishi mizunguko: mota ya 60Hz ikiwekwa kwenye 50Hz inazunguka polepole zaidi kwa sehemu moja ya sita na inapata joto. Kompyuta haijali. Friji ya maabara, pampu na mashine ya kufulia ya hospitali zinajali, na zinakufa ndani ya miezi.

Gari la zimamoto la Ujerumani lina usukani kushoto. Dereva atazoea, lakini ulizeni spea, matairi ya saizi ile, na viungio vya mipira ya maji: viungio vyao haviingiani lazima na vya mabomba yenu ya mtaani. Gari lisiloweza kuchukua maji kwenye bomba la mtaa ni pambo la Mei Mosi.

Risiti inayofutika

Fedha za miradi kutoka mfuko wa serikali ya Ujerumani, ule wa Engagement Global na kitengo chake cha miji, huombwa na mji wa Ujerumani. Sisi ni washirika, si waombaji. Maana yake mkaguzi ni wao, na ushahidi tunautoa sisi, kwa viwango vya mtu ambaye hajawahi kupanda bodaboda.

Risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, imechapwa kwenye karatasi ya joto. Ikikaa kwenye droo yenye jua, au ndani ya plastiki, maandishi yanafifia, na ukaguzi unafanyika mwaka mmoja na nusu baadaye. Toa fotokopi wiki ile ile, gonga muhuri, bana pamoja na ya asili. Kwa bodaboda, mama lishe na mzee wa kubeba ngoma, tengeneza fomu ya malipo: tarehe, kazi, kiasi, jina, simu, saini au dole gumba. Kubalianeni kwa maandishi, kabla ya shilingi ya kwanza, kwamba fomu hiyo inakubalika hadi kiasi fulani. Ubadilishaji wa fedha utumie kiwango cha siku fedha zilipoingia, na karatasi ya benki ikae mbele ya faili.

Posho ni mazungumzo magumu na yafanywe mapema. Wafadhili wengi wa huko hulipa nauli na chakula lakini hawalipi posho ya kikao. Ukinyamaza, siku ya warsha wajumbe 30 watasubiri bahasha isiyokuja, na warsha ya pili watakuja 9. Ama halmashauri iweke kifungu chake, ama barua ya mwaliko iseme wazi kuwa kutakuwa na nauli na chakula tu. Wanaokuja baada ya kusoma hivyo ndio unaowataka.

Nyumbani kwa mwenyeji

Kulala kwa familia ni bora kuliko hoteli, na ni rahisi kuharibika. Karatasi moja ya kila mgeni inatosha: anakula nini na hali nini (nguruwe, pombe, na je, nyama isiyo halali ni tatizo), anaogopa mbwa ndani ya nyumba au la, ana dawa gani, anaswali wapi. Mwenyeji wa Ujerumani akikuambia "jisikie nyumbani" anamaanisha ufungue friji mwenyewe. Mgeni wetu atakaa na njaa akisubiri kukaribishwa, na asubuhi kila mmoja atakuwa amejisikia vibaya. Waambie wote wawili. Kwa watoto wa shule, barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili igongwe muhuri wa mwanasheria, na asiwepo mtoto anayelala peke yake kwenye familia. Wawe wawili wawili.

Historia nayo iwekwe kwenye ratiba, isiachwe ijitokeze kwenye chakula cha jioni. Hamburg ndiko kulikokuwa na kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyoanzishwa 1890, na hadi leo mtaa wa Jenfeld una sanamu za askari wa kikoloni. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, aliomba msamaha Songea Novemba 2023 kwa ukatili wa wakati wa Maji Maji. Nusu siku na mtu anayejua, kabla ya maonyesho, inatosha vijana waulize wanachotaka kuuliza. Zanzibar na Potsdam wana kumbukumbu nyingine kabisa: maghorofa ya Michenzani yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na wapo wakazi wanaokumbuka mafundi wake. Watafuteni hao, wakae na wageni kibarazani. Kahawa na kashata tu, hotuba zisubiri.

Siku wageni wanapoondoka, kabla hawajapanda gari la kwenda uwanja wa ndege, fanyeni kikao cha dakika 40. Ajenda ni tarehe ya ziara ya kurudi, nani ataandika barua ya mwaliko, na kufikia lini. Muhtasari wa ukurasa mmoja usainiwe hapo hapo, uchapwe nakala tatu: ya wageni, ya Mkurugenzi, na ya faili la idara. Barua pepe zote zipite kwenye anwani ya ofisi, mfano utamaduni@ ya halmashauri, na nywila yake iandikwe kwenye hati ya makabidhiano ya ofisi, pamoja na funguo za kabati.